Shajara ya mradi: Kabla mtoto hajakamatwa

Mradi huu wa kuwakinga wanafunzi na dawa za kulevya na ukatili tunauendesha katika shule mbili za sekondari za kutwa wilayani Temeke, Dar es Salaam. Kikundi chetu ni kidogo: wanasihi wawili, mwanasheria anayejitolea, na mwalimu mstaafu ambaye wanafunzi wote wanamwita Bibi. Majina ya shule siyaandiki, na habari za watoto nimezigeuza kiasi kwamba hata jirani yao hatawatambua. Ninaandika kwa ajili ya wenzetu wa kata nyingine wanaofikiria kuanza kazi kama hii. Andiko la mradi wakilitaka watalipata. Hapa nataka waone kazi yenyewe ilivyokwenda.

Januari

Shule zimefunguliwa na sisi tumeanza kwa kusikiliza. Tumekaa na kila darasa bila mwalimu wao, tukagawa vikaratasi visivyo na majina, tukauliza: ni vitu gani mnaviona, na mnaviona wapi?

Kuberi, tumbaku ya kubana mdomoni, inaongoza, tena kwa mbali. Kipaketi chake mtoto anakimudu kwa chenji ya nauli, hakina moshi, anakibana chini ya mdomo na somo linaendelea. Baada yake inakuja bangi, na humo wanatofautisha jani la kawaida na skanka, bangi iliyo kali zaidi. Wachache wameandika biskuti. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imewahi kutangaza kukamata biskuti zilizotiwa bangi, kwa hiyo hawa watoto hawatungi. Wengine wameandika vidonge vinavyotolewa kabatini nyumbani, na pombe kali. Viroba, vile vipaketi vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo zinaingia mfukoni vilevile.

Unga, yaani heroini, haukutajwa kuwa kitu cha ndani ya shule. Umetajwa kuwa kitu cha nyumbani. Hospitali ya Temeke ina kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa walionaswa na unga ili waache, huduma ambayo hapa nchini ilianzia Muhimbili mwaka 2011, na kila asubuhi watu wanafika pale kunywa dawa yao mbele ya mhudumu. Katika vikaratasi vya shule ya kwanza, zaidi ya mtoto mmoja ameandika kwamba kaka, baba au mjomba wake “anakunywa dawa Temeke”. Mmoja amekwenda mbali zaidi: huwa anakosa kipindi cha kwanza kwa sababu anamsindikiza kaka yake hadi kliniki. Asipofika naye mpaka dirishani, kaka anakatisha njia na kurudi kijiweni. Kwa kuchelewa huko ameshachapwa, na sababu hajawahi kumwambia mwalimu.

Kikaratasi hicho nimekitunza. Nadhani kina mradi mzima ndani yake.

Februari

Mkuu wa shule ya pili, mama anayeipenda kazi yake, alikuwa ameandaa siku kubwa: polisi waje, teja aliyeacha aje kutoa ushuhuda, na picha za watu waliooza miguu kwa sindano zibandikwe ukumbini. Barua za mwaliko zilikuwa tayari mezani kwake.

Nilimwonyesha mwongozo wa kimataifa wa kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, uliotolewa na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, pamoja na Shirika la Afya Duniani, toleo la pili la mwaka 2018. Umeandika bila kuficha: hotuba, kutishana, ushuhuda wa aliyewahi kutumia, na kumpa polisi kazi ya kufundisha havijaonekana kumzuia mtoto. Kilichoonekana kusaidia ni vipindi vya mfululizo vinavyoongozwa na mtu aliyefunzwa, watoto wenyewe wakifanya mazoezi ya kukataa, ya kuamua na ya kukabili msongo, na wakirekebishwa ile dhana kwamba “wote wanatumia”.

Mama aliusoma, akaniheshimu, lakini bado aliitaka siku yake. Ndipo nikamsomea kikaratasi cha Januari, cha mtoto wa shule jirani. “Mama, na kwako wamo wa namna hii. Akiwa amekaa pale ukumbini, picha ya kwanza ikawa ya mtu anayefanana na kaka yake, na ukumbi wote ukazomea, huyu atakuja kwako kukuambia chochote tena?” Alimwita mwalimu wa taaluma papo hapo watafute nafasi kwenye ratiba. Tumepewa kipindi cha mwisho cha Jumatano, kidato cha kwanza na cha pili. Shule ya kwanza nayo imefuata.

Zoezi la kukataa ndilo linalowachangamsha kuliko yote. Wawili wanasimama mbele, mmoja anashawishi, mwingine anakataa, darasa linahukumu kama jibu lingefaa mtaani kweli. Mshawishi: “Onja tu, au bado unanyonya?” Jibu la kitabuni, “Hapana, dawa za kulevya ni hatari kwa afya yangu,” lilizomewa na darasa zima. Msichana mmoja akajibu kwa uso mkavu, “Mama yangu ananinusa mdomo nikifika tu mlangoni. We hujui yule mama.” Darasa likapiga makofi. Mvulana mwingine akasema, “Leo nina mechi,” akaondoka zake bila kusimama. Hayo mawili sasa yameandikwa kwenye daftari letu la mazoezi, maana wanaojua maneno yanayomtoa mtu kwenye kona bila kuaibika ni wao.

Machi

Tumewapa manila na kalamu za rangi, makundi ya watu sita sita, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Choreni shule na njia ya kurudi nyumbani, pakeni nyekundu mahali mnapoogopa. Habari za dawa hatukuuliza kabisa.

Ramani ya wavulana wa kidato cha kwanza wa shule ya kwanza nimeibandika ofisini kwetu. Choo cha nyuma ni chekundu, na nafasi kati ya maabara na ukuta pia. Lakini rangi imemwagwa zaidi nje ya geti: uchochoro wa kutokea barabarani, banda la bonanza, zile mashine za kamari, kisha kituo cha daladala chote. Pembeni mwa kituo mmoja wao ameandika kwa herufi ndogo: “hapa wanachukua nauli”.

Tukakaa nao watueleze. Wakubwa wa kidato cha tatu na cha nne, wakichanganyika na vijana wa mtaani walioacha shule, humsachi mdogo na kuchukua mia mbili yake, naye anarudi kwa miguu. Akishanyang'anywa mara kadhaa anapiga hesabu: nikiwa wao, hawatanigusa. Kuingia kundini ni kuonja pamoja nao. Inaanza kuberi, kwa sababu haiachi moshi kwenye shati. Bangi inafuata. Na akishakuwa wao anatumwa, “peleka hii kwa fulani,” kwa kuwa mtoto mwenye sare na begi la shule hakuna anayemsachi.

Andiko letu lilikuwa na sehemu mbili, dawa za kulevya na ukatili, kila moja na bajeti yake na viashiria vyake. Watoto wametuchorea jambo moja. Anayeogopa kituoni saa tisa alasiri ndiye atakayebana kuberi darasani mwezi ujao. Tumemwandikia mfadhili kuomba sehemu zote mbili ziunganishwe, na fedha ya mabango iende kwenye usalama wa njia ya kurudi nyumbani. Amekubali.

Wasichana walipaka nyekundu kijiwe cha bodaboda na vituo ambako makondakta huwafungia mlango hadi daladala iondoke. Katika ramani moja kulikuwa na mlango mwekundu ndani ya shule. Jambo hilo lilifikishwa siku ileile kwa afisa ustawi wa jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na humu sitaliandika zaidi. Wenzangu mtakaofanya zoezi hili, msilianze kabla hamjajua nani mtampigia simu jioni hiyohiyo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 uliona karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Ukiuliza watoto wa shule nzima, utajibiwa.

Aprili

Mwezi wa viboko.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 hazina utata: mwenye kuchapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, fimbo zisizidi nne, na kila adhabu iandikwe daftarini. Niliomba kuliona daftari la shule ya kwanza, nikapewa bila kinyongo. Lina safu za tarehe, jina, kosa, idadi na sahihi. Nikasoma safu ya makosa: kuchelewa, kuchelewa, kelele, hajafanya hesabu, kuchelewa. Kurasa za mwaka jana zimejaa mpaka Machi, baada ya hapo ni nyeupe. Fimbo zenyewe hazikuishia Machi, kwa maana nilizisikia nikiwa nimekaa kwenye benchi nasubiri kufunguliwa ofisi. Na viranja nao walikuwa wakitembea na fimbo. Kwa kanuni ipi, hakuna aliyeweza kunionyesha.

Kikao cha walimu kilikuwa kirefu na kilikuwa cha kweli. Mwalimu wa hesabu alisimama akasema, “Dada, darasani mwangu wamo zaidi ya mia. Nionyeshe utakachofanya wewe kwa dakika arobaini.” Swali hilo ni la haki, na anayekwenda kuwahubiria walimu haki za mtoto bila jibu lake akae nyumbani. Bibi alilibeba. Aliomba kuingia naye darasani, akaingia wiki nzima. Aliwagawa kwa mabenchi, kila benchi likawa na kiongozi anayebadilika, madaftari yakawa yanakusanywa kwa benchi badala ya mtu mmoja mmoja, na waliochelewa wakawa wanakaa benchi la mlangoni bila kusimamisha somo, wanaulizwa sababu mwishoni. Mwalimu alisema kilichomsaidia zaidi ni hilo la mwisho, kwa sababu hapo awali wachelewaji walikuwa wanakula robo ya kipindi chake.

Niliwapa pia mfano wa jirani. Wilayani Luwero, Uganda, mpango wa shirika la Raising Voices la Kampala wa kupunguza ukatili wa watumishi wa shule kwa wanafunzi ulijaribiwa katika shule za msingi 42 kati ya 2012 na 2014, nusu ziliupata na nusu zilisubiri. Mwishoni, katika shule zilizoupata, wanafunzi 31 kati ya 100 walisema wamepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyotangulia. Katika zilizosubiri walikuwa karibu 49. Walimu walitaka kujua kama na huko madarasa yamejaa. Yamejaa.

Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyekuwa mgumu zaidi, na namshukuru, maana alitulazimisha kufikiri. Tulipendekeza kwamba mwanafunzi atakayekuja mwenyewe kusema anatumia, kabla hajakamatwa, asichapwe, asisimamishwe wala asipelekwe polisi. Apewe mnasihi na mzazi ahusishwe kwa utaratibu. Akasema, “Mtawafundisha wahuni kujisalimisha wakishaona mambo yamekaribia.” Nikamjibu kwamba hilo ndilo tunalolitaka hasa. Mtoto ajisalimishe mapema, hata kwa woga. Anayeuza na anayekuja na silaha hawahusiki na kanuni hii. Hao wana utaratibu wao na ofisi ya mkuu na wazazi. Mjadala ukaisha kwa kura, na ikapita. Fimbo za viranja zimekusanywa siku hiyohiyo. Viboko vya walimu havijakoma, ila vimerudi daftarini, na mkuu ndiye anayeshika kalamu. Kwangu hatua hiyo haitoshi. Utafiti ule wa 2009 uliwakuta karibu robo tatu ya wasichana na wavulana wameshapigwa ngumi, mateke au fimbo za kuumiza kabla ya miaka 18. Mtoto aliyepigwa nyumbani, shuleni na kituoni anatuhitaji tuanzie mahali fulani, na shule ndiyo tunayoweza kuifikia.

Mei

Kanuni imetangazwa mstarini. Chumba cha unasihi kimepakwa rangi, kina pazia na viti viwili vya urefu sawa, na mwalimu wa malezi amepunguziwa vipindi ili akae humo baada ya masomo.

Kwa muda hakuja mtu. Kisha akaja msichana wa kidato cha pili, kwa ajili ya rafiki yake. Wengi wanaanza hivyo. Wanabisha hodi kuomba kalamu, kuulizia cheti cha kuzaliwa, kumsemea mwingine, wakiupima mlango kama kweli ni salama. Mwalimu wa malezi anajua kuwaacha waongee ya kalamu kwanza. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wanakuja na habari zao wenyewe, na wengi hawakuanza na dawa. Walianza na kupigwa, na njaa, na baba wa kambo. Habari ya bangi ilikuja siku nyingine, pembeni, wakishaona kwamba ya kwanza haikutoka nje ya chumba.

Tumewaambia pia namba za bure: 116 ya simu kwa mtoto, na 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Zimeandikwa kwa rangi ndani ya milango ya vyoo, mahali mtoto anapoweza kuzinakili bila kuonekana.

Juni

Baada ya mechi kati ya shule zetu mbili kulitokea vurugu uwanjani, mawe yakarushwa, na kwenye begi la mvulana wa kidato cha tatu ikapatikana bisibisi iliyonolewa. Walimu wengine walitaka afukuzwe kabla ya jioni. Wazazi wa upande wa pili walitaka polisi.

Tulimkalisha na mama yake na Bibi. Mvulana alijibu kila swali kwa “sijui” mpaka Bibi alipomuuliza anapita njia gani kurudi nyumbani. Hapo akaeleza njia yote, kona kwa kona, na nani amekaa wapi. Bisibisi aliibeba tangu alipochaniwa shati uchochoroni. Hakuwahi kuitoa. Kundi la mtaa wake lilikuwa limemwambia likimlinda atalipa kwa kubeba mzigo, naye alikuwa hajajibu.

Uamuzi wa bodi: ameandikiwa onyo, bisibisi imekabidhiwa kwa polisi kata na maelezo yake, amebadilishiwa njia na ana watu wawili wa kuongozana nao. Wapo walioona tumemdekeza. Mimi naona kumfukuza kungekuwa kumkabidhi kwa lile kundi kwa mikono yetu, pamoja na sare yake. Kijana aliyeacha shule ndiye anayesimama kituoni kunyang'anya nauli, ramani zimeshatuonyesha.

Julai

Tumehamia mtaani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha kikao chini ya mwembe wa ofisi yake: wenye maduka, viongozi wa bodaboda, mwenye banda la bonanza, mama lishe wawili, polisi kata.

Mwanasheria wetu alisoma Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003, inayokataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na kuberi ni tumbaku. Mangi wa duka lililo mkabala na geti akasema hajui umri wa mtu kwa kumtazama. Mama lishe akamwambia, “Mangi, aliyevaa sketi ya bluu na soksi nyeupe umri wake unaujua.” Kesho yake kuberi iliondolewa kwenye ndoana ya dirishani. Wiki iliyofuata wavulana walianza kuvua shati la shule na kwenda dukani na fulana. Tumerudi kwa Mangi, na sasa anawauliza jina la mwalimu wao wa darasa, swali ambalo limemfukuzia wengi.

Banda la bonanza lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu linalipa kodi ya pango kwa mtu mzito. Mtoto anaingia na nauli yake akidhani ataizidisha, anatoka hana kitu, na hapo hapo yupo wa kumkopesha. Baada ya barua ya serikali ya mtaa mashine zimehamishwa mbali na njia ya shule. Zimehamishwa tu, hazijaondoka, na watoto wanajua zilipo.

Viongozi wa bodaboda wametushangaza kwa wema. Wamejitolea wenyewe kumteua mtu wa zamu kila alasiri kituoni, avae kizibao chake, asimame mpaka wanafunzi waishe. Dereva aliyekuwa akiwapa wasichana lifti na ofa ya chipsi wamemfukuza kijiweni kwao, kwa utaratibu wao.

Agosti

Kikao cha wazazi. Wamekuja akina mama na mabibi, baba ni wa kuhesabu. Baba mmoja alisema, “Mimi nilichapwa na nikawa mtu.” Bibi akamjibu kwa heshima, “Baba, nilifundisha miaka mingi na nilichapa. Wale waliokuwa watu waliniambia baadaye nani aliwasikiliza. Hakuna aliyenitajia fimbo.” Walizungumza pia vigodoro, muziki unaopigwa mtaani mpaka alfajiri na watoto wa kidato cha kwanza wakiwemo. Wajumbe wa mashina wameahidi kusimamia muda, tutaona.

Swali ambalo halikuniacha lililetwa na mama muuza mihogo, pembeni, watu wakitawanyika. “Mwanangu nimeshajua anavuta. Nimeshajua, sasa nimpeleke wapi?”

Kwa bangi hakuna kikombe cha dawa cha asubuhi kama cha methadoni, ambayo ni ya walionaswa na unga na jamii yake. Kinachohitajika ni mnasihi wa kukutana naye mara kwa mara, nyumba iliyotulia, na muda wa alasiri uliojaa kitu. Nyumba za upataji nafuu zipo, lakini nyingi zimejengwa kwa ajili ya watu wazima, na mimi simpeleki mtoto wa miaka 15 kulala chumba kimoja na watu waliotumia miaka 20. Tulimwandikia mama miadi na mnasihi wetu na mtaalamu wa afya ya akili hospitalini. Mtoto amekuja. Amekosa, amekuja tena. Mama anamsindikiza baada ya kuuza mihogo.

Nawaambia wenzangu waziwazi: msiwatangazie wazazi dalili za mtoto anayetumia, macho mekundu na kadhalika, kabla hamjawa na mahali pa kumpeleka. Mzazi aliyejua na asiye na pa kwenda atashika fimbo.

Oktoba

Mwalimu wa malezi wa shule ya kwanza amepata uhamisho. Barua ilikuja Jumatatu, Ijumaa akaripoti wilaya nyingine. Chumba kikafungwa, na watoto waliokuwa katikati ya mazungumzo yao wakakosa pa kubisha hodi. Mmoja alimwambia Bibi getini, “Hata yule kaondoka.” Alikuwa ndiye mtoto wa kikaratasi cha Januari.

Hili limetuumiza, na nimeandika barua kwa afisa elimu kuomba kila shule ya mradi iwe na walimu wawili wa malezi, mwanamke na mwanamume, na anayehama akabidhi kazi kwa mwenzake mbele ya watoto anaowahudumia. Mkuu hakusubiri jibu. Ameteua wawili, na mmoja wao ni yule mwalimu wa hesabu. Ameomba mwenyewe.

Kuhusu kaka: anaendelea na dawa yake Temeke. Mdogo wake amepewa ruhusa ya maandishi kufika kipindi cha kwanza kikiwa kimeanza, na anakaa benchi la mlangoni.

Novemba

Kidato cha pili na cha nne wako kwenye mitihani, vipindi vya Jumatano vimesimama. Tumerudia zoezi la ramani na wavulana walewale wa kidato cha kwanza. Kituo cha daladala kimebaki na doa jekundu dogo upande wa pili wa barabara, mbali na anaposimama mtu wa zamu. Choo cha nyuma bado chekundu kizima. Taa na mlango vilikuwa kwenye bajeti ya shule na havijawekwa. Uchochoro umepakwa rangi kwa mistari, na walipoulizwa wakasema, “Ukipita na wenzako si mbaya.” Kuberi bado inaletwa darasani, walimu wanaokota vipaketi chini ya madawati.

Mlango wa choo tumeamua tununue wenyewe kwa salio la fedha ya mabango, fundi ameshachukua vipimo. Januari wanaingia kidato cha kwanza wapya. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliojitolea kuwasindikiza vituoni wamegawanywa kwa mitaa wanayotoka, yule wa bisibisi akiwemo, na orodha imeshabandikwa kwenye ubao wa matangazo.